Boda ya milimani Lushoto: cc 100, 125 au 150? Nguvu kiasi gani inatosha kweli?

Mlalo_Boda aliandika:

Wakuu, salaam. Nataka kubadilisha pikipiki na kijiweni kila mtu ana lake. Kazi ni Lushoto, Magamba, Lukozi mpaka Mlalo, abiria mmoja na kifurushi chake. Msimu wa mboga napakia karoti au viazi, kilo 100 hivi kwa safari. Sehemu kubwa ni vumbi, mvua ikinyesha ni utelezi, na ukiacha barabara kubwa kuingia mashambani kuna vilima vifupi lakini vikali mno. Mara chache nashuka Mombo na kupiga lami mpaka Korogwe.

Niliyonayo ni ya cc 100, gia nne. Kwenye lami haina neno. Kwenye vilima vya shambani inakubali namba moja tu, ukiingiza namba mbili inazima. Wapo wanaosema chukua 150 uachane na mateso. Wengine wanasema 150 inakunywa mafuta, hesabu ya siku haitatimia, chukua 125. Na yupo anayesema hata hii 100 inatosha, badilisha sproketi (gurudumu la meno linalozungusha cheni) tu.

Naomba anayejua anieleze kwa namba: nguvu kiasi gani inahitajika kwa kazi hii, na hiyo sproketi inasaidia kweli au ni maneno ya kijiweni?

---

Hesabu_za_Gia:

Mkuu, tuanze na mlima, cc tutazikuta mbele.

Jumlisha uzito wote unaopanda: pikipiki kilo 120, wewe 70, mzigo 100. Ni kilo 290. Kilima cha shambani tukipe mwinuko wa asilimia 15, yaani kila mita 100 unazokwenda unapanda mita 15. Kuinua kilo 290 hapo kunataka msukumo wa karibu nyutoni 420 pale tairi la nyuma linaposhika ardhi. Ongeza nyutoni kama 85 zinazoliwa na vumbi na tairi kubonyea. Tairi la inchi 17 lina sentimita kama 29 kutoka katikati hadi chini, kwa hiyo gurudumu la nyuma lazima lipate nguvu ya kuzungusha ya karibu nyutoni mita (Nm) 147. Shika hiyo 147. Pikipiki inayoifikisha inapanda, isiyoifikisha inazima, haijalishi imeandikwa nini kwenye tangi.

Injini ya cc 100 kama ya Boxer inatoa karibu Nm 8. Hiyo ni usawa wa bahari. Kwa kila mita 1,000 za mwinuko injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi, kwa sababu hewa ni nyepesi na kila mvuto wa pistoni unaingiza oksijeni kidogo. Lushoto mjini ni karibu mita 1,400 na Magamba ni juu zaidi. Toa asilimia 14. Halafu gia, klachi na cheni navyo vinakula. Toa tena asilimia 15. Kwenye Nm 8 unabaki na 5.85.

Sasa gia. Kwa pikipiki za aina hii, ukiwa namba moja injini inazunguka mara 30 hivi wakati tairi linazunguka mara moja. Namba mbili ni mara 18 hivi. Modeli hutofautiana kidogo lakini hesabu haitoki mbali na hapo.

Kwa cc 100, namba moja: 5.85 mara 30 ni 175. Inapanda. Namba mbili: 5.85 mara 18 ni 105. Haifiki 147, inazima. Ndicho unachokiona kila siku, wala pikipiki yako si mbovu.

Ya cc 125 inayotoa karibu Nm 10.8, kama TVS HLX 125: kwa njia ileile, namba mbili inapata 142. Imekosa kidogo sana.

Ya cc 150 yenye Nm 12.3 hivi: namba mbili inapata 162. Inapanda na chenji inabaki.

Lakini angalia, hapo nimetumia gia zilezile kwa zote tatu. Nyingi za 150 zimefungwa gia ndefu zaidi kiwandani ili zikimbie lami, kwa hiyo sehemu ya ile faida inaliwa humohumo. Ndiyo maana utasikia mtu analalamika kwamba 150 yake haitofautiani sana mlimani na 125 ya jirani.

Kwa nini namba mbili ni muhimu hivyo, wakati namba moja inapanda? Kwa sababu ya joto. Namba moja injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika unakwenda km 18 kwa saa. Namba mbili, mzunguko uleule, unakwenda km 30. Injini hizi zinapozwa na upepo wa mwendo. Kwa km 18 kwa saa upepo ni mdogo na injini inalia karibu na mwisho wake. Oili inakuwa nyepesi, ringi za pistoni na slivu (ukuta ambamo pistoni inatembea) zinalika. Kilima cha mita 200 hakina madhara. Kilometa tatu za kupanda namba moja na gunia nyuma, mara kadhaa kwa siku, zinamaliza ringi kabla ya wakati.

Kipimo changu kwa pikipiki ya kazi ni hiki: ipande kilima chako kikali kuliko vyote, na mzigo wako wa kawaida, kwa namba mbili. Ikiweza, nguvu inatosha. Zaidi ya hapo unalipia mwendo wa lami.

Na lami tuipime pia. Watu wawili wamekaa wima, barabara tambarare, hakuna upepo: km 60 kwa saa zinataka nguvu ya farasi 4.5 hivi. Km 80 zinataka 9. Km 90 zinataka zaidi ya 12. Km 100 zinataka kama 16 au 17. Upepo ndio unaokula, na unakula kwa kasi kubwa kuliko mwendo wenyewe unavyoongezeka. Kwa hiyo cc 100 yenye farasi 8 inaishia pungufu kidogo ya 80, na cc 150 yenye farasi 12 inaishia chini kidogo ya 90. Faida ya kutoka 100 kwenda 150 kwenye tambarare ni karibu km 10 kwa saa. Faida kubwa iko mlimani.

Kwa hiyo jibu langu: 125 na sproketi ya mbele ya meno 13.

---

Tanga_150:

Hesabu ya mkuu hapo juu ni safi, ila imepima injini mpya iliyosetiwa vizuri na kilo 100 kamili. Kazi haiko hivyo. Gunia la viazi lina lumbesa, njia ina matope, na baada ya mwaka mmoja injini imepungua. 125 inayofika 147 kwa kubahatisha leo, mwakani haifiki. Pikipiki ya kazi inunuliwe na akiba.

Kuna jambo lingine halijatajwa, kushuka. Kutoka Lushoto hadi Mombo unashuka karibu mita 1,000 katika km 33 hivi. Kilo 290 zikishuka kiasi hicho, nguvu yote ile lazima igeuke joto mahali fulani: kwenye upepo, kwenye injini au kwenye breki. Injini ya 150 inashika zaidi ukiachia mafuta ukiwa namba mbili au tatu, kwa sababu inabana hewa nyingi zaidi kila mzunguko. Na nyingi za 150 zina dramu za breki za mm 130, wakati za 100 nyingi ni mm 110. Dramu kubwa inachelewa kupata moto. Breki zikipata moto sana zinateleza, unakanyaga hadi mwisho na pikipiki haishiki. Pale kona za Soni hapana nafasi ya kujaribu mara mbili.

Mafuta ndiyo, inakula zaidi. Kwa matumizi ya kawaida 100 inakwenda km 55 hadi 60 kwa lita, 150 inakwenda 40 hadi 45. Lakini tofauti hiyo ni ya tambarare. Mlimani, 100 inayolia namba moja haibani mafuta tena, na 150 iliyo namba mbili nusu mafuta haitofautiani nayo sana. Asiyejua hilo anapiga hesabu za Dar es Salaam kwa kazi ya Lushoto.

Angalia na leseni yako kabla ya kununua. Daraja A1 ni la pikipiki zilizo chini ya cc 125. Nyingi zinazoitwa 125 zina cc 124 na ushee, kwa hiyo zinaingia. Kwa 150 unahitaji daraja A.

---

Fundi_Kabureta:

Nakubaliana na wote wawili kwa sehemu, ila mnamnunulisha mtu pikipiki kabla hajajua kama hii aliyonayo inatoa hizo Nm 8. Pikipiki nyingi za cc 100 zinazofika kwa fundi zikiitwa "haina nguvu" zinatoa pungufu sana ya hapo, na sababu ni zilezile. Kwa mpangilio ninaopenda kufuata:

Nyanyua tairi la nyuma kwa stendi kubwa, gia huru, zungusha kwa mkono. Likisimama baada ya nusu mzunguko, breki zinashika au cheni imekaza. Hapo nguvu inaliwa hata kabla ya kilima. Cheni iachiwe icheze mm 20 hadi 30 katikati, na upime mahali ilipokaza zaidi, maana cheni iliyochakaa haivutiki sawasawa.

Chujio la hewa. Vumbi la Magamba hadi Lukozi linaziba sponji kwa siku chache. Ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, ipake oili kidogo na uikamue. Usiioshe kwa petroli, sponji inaoza na vipande vinaingia kabureta. Na usiondoe chujio ili "ipumue". Vumbi linalopita hapo linasaga slivu kama msasa.

Plagi. Ikitoka nyeusi yenye masizi makavu, mafuta ni mengi kuliko hewa, na huku juu hilo ni la kawaida: kabureta imesetiwa kwa hewa nzito ya chini, hewa imepungua, mafuta yanabaki yaleyale. Ndani ya kabureta, inua kipini kinachoshika sindano ngazi moja ili sindano ishuke na mafuta yapungue. Kama haitoshi, punguza jeti kubwa (kitundu kinachopitisha mafuta) saizi moja. Usipunguze mbili. Nasisitiza hapa kwa sababu unashuka Korogwe: jeti ndogo iliyofaa Magamba, ukiipeleka kwenye lami ya chini kwa mafuta ya mwisho, mafuta yanakuwa machache kuliko hewa, pistoni inapata joto kali na inaweza kutoboka au kung'ang'ania kwenye slivu. Plagi ikianza kutoka nyeupe, rudisha jeti ya zamani siku hiyohiyo. Pikipiki zenye injekta hazina shida hii, zinajirekebisha zenyewe.

Valvu. Injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku. Kwa Boxer ni mm 0.05 ya kuingiza na 0.10 ya kutoa moshi; ya kampuni nyingine fuata kitabu chake. Zikibana sana hazifungi vizuri, kompresheni inavuja na ya kutolea moshi inaungua. Dalili: inawaka kwa shida asubuhi na inakosa nguvu ikishapata moto.

Klachi. Resi inapanda lakini mwendo hauongezeki mlimani, hiyo ni klachi inateleza. Mara nyingi kosa ni oili. Pikipiki hizi zinatumia oili moja kwa injini na klachi, na oili nyingi za magari zina dawa ya kuteleza inayoharibu pleti. Tafuta kopo lenye maandishi JASO MA au MA2. Kwa kazi ya mzigo milimani badilisha kila km 2,000, usisubiri iwe lami.

Moshi wa bluu na oili kupungua ni ringi au sili za valvu. Hapo hakuna sproketi wala jeti itakayokusaidia, ni kufungua.

Ukishamaliza haya, nenda kwenye kilima chako na mzigo uleule. Kama bado inazima namba mbili, basi hesabu ya mkuu wa kwanza inakuhusu.

---

Mlalo_Boda:

Wakuu, asanteni sana. Hii ya plagi nyeusi ndiyo hali yangu hasa, nitaanza na hapo. Naomba ufafanuzi wa sproketi: nikiifunga kwenye hii hii 100 nitapata kiasi gani? Na nikibadili ya mbele au ya nyuma, ipi ni bora?

---

Hesabu_za_Gia:

Gawanya meno ya nyuma kwa ya mbele. Tuseme una 42 nyuma na 14 mbele: inakuwa 3.0. (Hesabu meno ya sproketi zako mwenyewe, usiamini yaliyoandikwa kwenye boksi la spea.) Ukiweka 13 mbele inakuwa 3.23, umeongeza mvuto karibu asilimia 8 na umepunguza mwendo asilimia 7 kwa resi ileile. Ukiweka 13 mbele na 45 nyuma inakuwa 3.46, mvuto umeongezeka asilimia 15.

Kwa 100 yako, zile 105 za namba mbili zinakuwa 113 kwa 13/42 na 121 kwa 13/45. Bado hujafika 147. Kwa 121 utapanda namba mbili kilima cha asilimia 12 hivi na kilo zako 100, cha 15 hapana. Kwa hiyo aliyekuambia sproketi inasaidia amesema kweli. Aliyekuambia inatosha hajapima kilima chako. Kwa 125, zile 142 zinakuwa 153 kwa jino moja tu la mbele, na ndiyo maana nilikushauri hivyo.

Mbele au nyuma? Jino moja la mbele ni sawa na matatu hivi ya nyuma, na sproketi ya mbele ni rahisi kwa bei na kwa kazi. Ubaya wake ni kwamba cheni inajikunja zaidi kwenye gurudumu dogo, inachakaa mapema, na kwa baadhi ya pikipiki inasugua kipande cha plastiki kilicho juu ya mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma). Usishuke chini ya 13. Ukiongeza nyuma matatu, cheni itakuwa fupi. Nunua ndefu zaidi, usilazimishe kwa kusogeza gurudumu mbele hadi mwisho. Na usifunge sproketi mpya kwa cheni ya zamani. Cheni iliyovutika inala meno mapya kwa wiki chache.

Kuhusu akiba anayosema ndugu wa 150, ana hoja kama mzigo unapita kilo 100 mara kwa mara. Ila hapo injini si tatizo la kwanza. Kwenye asilimia 15 mzigo ulio juu ya keria, nyuma ya ekseli, unainua gurudumu la mbele, na injini yenye nguvu zaidi inalinyanyua zaidi ukiachia klachi. Mzigo ushushwe: matenga mawili pembeni, chini ya usawa wa kiti, uzito mkubwa mbele ya ekseli ya nyuma. Ukipanga hivyo utashangaa pikipiki ileile inavyotulia.

---

Tanga_150:

Hoja ya mzigo nyuma nimeikubali. Kwa kilo 100 zisizozidi, 125 yenye 13 mbele inafaa, na kama ina breki ya diski mbele ni bora zaidi kwa kushuka. Zikizidi, narudi kwenye 150.

---

Fundi_Kabureta:

Kabla ya kusema "zikizidi", someni ubavu wa tairi la nyuma. Kuna namba na herufi baada ya saizi, kwa mfano 3.00-17 50P. Hiyo 50 ni kilo 190, uzito wa juu ambao tairi hilo linaruhusiwa kubeba. 45 ni kilo 165, 56 ni kilo 224. Sasa katika zile kilo 290, karibu theluthi mbili zinakaa nyuma, yaani 190 na ushee. Tairi la 50 limeshafika mwisho hapo hapo, hata kabla ya lumbesa. Likipita hapo linapata joto ubavuni, nyuzi zinaachana, na huwa linapasuka kwenye lami ya Korogwe kwa mwendo, si kule kwenye vumbi.

Kwa hiyo pikipiki yoyote mtakayochagua, tairi la nyuma liwe na 56 au zaidi kama linaingia bila kugusa mkono wa nyuma, upepo psi 32 ukiwa na mzigo, na mbele 25. Pimeni asubuhi tairi likiwa baridi. Na spoku za nyuma zigongwe kwa bisibisi kila wiki. Inayotoa sauti nzito imelegea, na ikikatika moja za jirani zinafuata.